Sura ya Tajiri Kwenye Sufuria ya Mama

Nisikilize taratibu, ndugu msomaji, maana nitaanza na harufu, na harufu haipendi haraka. Ilikuwa harufu ya maharage ya nazi yanayochemka juu ya mkaa, imechanganyika na harufu ya plastiki mpya kutoka duka la jumla la ndoo na mabeseni lililokuwa mkabala nasi, na ile ya maboksi yaliyolowa maji ya mtaro. Ukiniwekea harufu hizo tatu pamoja leo, hata nikiwa nimefumba macho, nitakwambia nipo Kariakoo, saa nne asubuhi, nina umri wa miaka kumi, na mama yangu anakoroga chungu kwenye baraza la tawi.

Neno hilo, tawi, nikueleze kwanza. Timu yetu ya mpira ilikuwa na wanachama mtaa kwa mtaa, na kila mtaa wenye wanachama wa kutosha ulikuwa na tawi lake: baraza, bendera, benchi mbili na ngoma moja. Ukuta wa tawi letu ulipakwa zambarau, rangi ya timu, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kitwana, aliyekuwa kuli bandarini mpaka mgongo ulipomgomea. Mama alikuja mjini kutoka Newala akiwa na mimi mgongoni, na ni Mzee Kitwana aliyemwambia, “Pika hapa barazani, mama, uwe unatufagilia.” Basi mama akafagia na akapika. Hatukuwa na mahali pengine. Chumba chetu cha kupanga kilikuwa na nafasi ya kitanda na sufuria zilizopangwa ukutani, na chochote tulichokula kilitoka kwenye lile baraza.

Mwaka ule ulikuwa wa tatu tangu Tajiri aingie kwenye timu. Alikuwa na jina lake, lakini pale mtaani hakuna aliyelitumia. Ukisema Tajiri, hata mtoto wa chekechea alijua unamsema nani. Zamani timu ilikuwa ya wanachama wenye kadi, wenye mapenzi mengi na mifuko mitupu. Yeye akaja, akanunua wachezaji, akaleta basi lenye viyoyozi, na yeye na watu wake wakawa ndio wasemaji wa mwisho. Kuanzia hapo benchi zetu mbili zikagawana watu. Benchi la kushoto walikaa waliomtukuza Tajiri, la kulia waliomtilia shaka. Hakuna aliyewapangia. Ilitokea tu, siku baada ya siku, kama maji yanavyotafuta bonde.

Mkubwa wa benchi la kushoto alikuwa kaka Seif, msukuma mkokoteni, kifua kama mlango. Mtu angedhani maskini ndiye angemchukia tajiri, lakini Seif alikuwa na sababu yake, na aliisimulia kila mara kwa sauti ileile. “Mimi nimewahi kumpelekea golikipa wetu maandazi kwenye mfuko wa rambo,” alikuwa akisema. “Wanasafiri kwenda mechi, hawajala. Tukachanga ndizi, tukachanga mikate, tukawapelekea stendi. Leo wanakula hotelini. Halafu unaniambia nimtukane aliyewashibisha? Shukrani ya punda hiyo.” Akisema hivyo hakuwa akitania. Macho yake yalilowa.

Benchi la kulia aliongoza Mangi, mwenye duka la ndoo, mtu wa Kilimanjaro, mpole wa sauti na mgumu wa hoja. Naye alikuwa tajiri kidogo kwa kipimo chetu, na labda ndiyo maana hakuwaamini matajiri. “Mimi ni mfanyabiashara, Seif. Najua mtu akikuongezea ndoo moja juu ya kumi, kuna kitu anakitaka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwaka wa tatu sasa, uwanja aliotuahidi uko wapi?” Seif alimjibu kwa methali yake, kwamba mkono mtupu haulambwi, na wa Mangi haujawahi kulambwa na mtu. Watu wakacheka, wakala, wakarudi kazini. Mama aliwapakulia wote kwa upawa mmoja. Wakimuuliza yuko upande gani, alisema, “Mimi niko upande wa jiko.”

Msimu huo ulianza vizuri, kisha ukaharibika. Timu ikatoka sare mbili, ikafungwa nyumbani. Vicheko vikapungua barazani. Watu walikuja kula wakiwa wamekunja nyuso, na benchi zile mbili, ambazo mwanzo zilikaribiana, zikasukumwa mpaka kila moja ikagusa ukuta wake. Mama akaanza kunituma mimi kupeleka sahani, kwa kuwa mtoto hakuulizwa maswali.

Kabla ya msimu huo, vijana wa Tajiri walikuwa wamepita na gari wakigawa fulana za zambarau zenye sura yake kifuani, anatabasamu, meno yote yanaonekana. Mimi nilipewa moja kubwa iliyonifika kwenye vifundo vya miguu. Nikailalia miezi mingi, ikapauka, ikachanika kwapani, na panya akaila mgongoni. Siku moja kitambaa cha mama cha kushikia sufuria kiliungua, akaniambia nitafute tambara nyumbani. Nikachukua mkasi, nikaikata ile fulana katikati, nikampelekea kipande kizuri. Mama alikikunja mara nne, akakitumia. Hakukitazama, na mimi sikufikiri. Kwetu nguo ina maisha yake: huvaliwa kwa kutokea, ikachoka ikalaliwa, ikachanika ikawa tambara la jiko. Hakuna nguo iliyowahi kuacha njia hiyo kwa sababu ya picha iliyo juu yake.

Jumapili timu ikafungwa na timu ndogo ya mkoani. Jumatatu saa saba mchana baraza lilijaa, na hakuna aliyesalimia. Seif alikuwa na tonge mkononi Mangi alipomuuliza, kwa upole wake uleule, “Tajiri wako anasemaje leo?” Mama akainama kuinua sufuria la maharage. Lilikuwa zito, mkono ukateleza, akakunjua kitambaa ili akishike vizuri, na sura ya Tajiri ikafunguka mbele ya watu wote, masizi kwenye paji la uso, mchuzi kwenye meno.

Nilisikia mkaa ukilia. Seif alirudisha tonge kwenye sahani.

“Mama Zawadi,” alisema polepole, “huyo uliyemshika ni nani?”

Mama akatazama mikono yake, na kabla hajafungua kinywa, Mangi akapasua kicheko. “Mwacheni mama wa watu. Mimi nimesema apewe jembe, yeye kampa sufuria.” Benchi la kulia likasimama kushangilia. Mmoja akatoa simu, akapiga picha. Seif akanawa mikono, akaondoka bila kumaliza chakula, na benchi lote la kushoto likamfuata, sahani zikabaki zimejaa wali.

Kufikia alasiri picha ilikuwa imezunguka mitaa yote. Watu tusiowajua walikuja kumtazama mama. Wengine walimpongeza kama shujaa, wengine walitema mate mbele ya jiko. Siku iliyofuata tulikuta maji yamemwagwa kwenye gunia letu la mkaa. Mama alianika mkaa juu ya boksi, kipande kimoja kimoja, na mimi nilimsaidia kwa hofu, kwa sababu nilijua mkasi ulikuwa wangu na sikuwa nimemwambia mtu. Kisha Mzee Kitwana akaja. Nikamwamkia, “Shikamoo, babu,” akaitika marahaba bila kunitazama. Alimwambia mama kwamba watu wa benchi la kushoto wanataka aondolewe barazani, na kwamba Ijumaa baada ya swala kutakuwa na kikao.

Ijumaa benchi zote mbili zilijaa na wengine wakasimama barabarani. Seif alisema upande wao hautaki ugomvi: mama aombe radhi, aseme mbele ya watu kwamba Tajiri ni mkombozi wa timu, kisha kesho yake aendelee kupika. Mangi akasimama. Yeye alitaka mama aseme alifanya kwa makusudi, kwa niaba ya wanachama waliochoka, na akisema hivyo atapewa nafasi mbele ya duka lake, kwenye kivuli. Mzee Kitwana akamgeukia mama. “Umesikia. Chagua neno moja, mama, tumalize.”

Mama alisimama, kanga imefungwa kiunoni. “Nikisema nilimdhihaki, nitakuwa mwongo. Nikisema ni mkombozi, sijui. Mimi mtu namjua kwa kula, na huyo sijampakulia hata siku moja. Mimi niliona tambara.”

Manung'uniko yakaanza pande zote mbili. Ndipo miguu yangu iliponiinua. “Ni mimi niliyeikata,” nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama uzi.

Seif akanigeukia. “Kwa nini ukachukua upande wa sura?”

“Upande wa mgongo ulikuwa na tundu. Panya alikula.”

Wachache walicheka, hasa wale waliosimama barabarani. Lakini waliokaa kwenye benchi hawakucheka, na hilo ndilo nililochukua miaka kulielewa. Wote walikuwa wamekwisha kulibeba lile tambara kama bendera, hawa ya kuonewa, wale ya ushindi, na mtoto akija kusema ni tambara tu, anawanyang'anya wote. Mzee Kitwana alirudia maneno yake, safari hii bila kumtazama mama usoni. Mama akasema, “Ahsanteni kwa miaka yote, baba zangu,” akaanza kukusanya sufuria.

Kesho yake alfajiri, tulipofungua mlango wa chumba, Seif alikuwa nje na mkokoteni wake. Alipakia jiko, sufuria, viti na gunia la mkaa, akasukuma mpaka Buguruni, ambako mama alikuwa amepata kijisehemu karibu na mafundi wa magari. Njiani aliniuliza mara moja tu, “Tundu lilikuwepo kweli?” Nikamwambia, “Lilikuwepo, kaka.” Akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma. Tulipofika, mama akawasha moto, akampikia chai na chapati kabla ya mteja yeyote. Seif akala, jasho likimtiririka, akaondoka.

Sasa mimi ndiye ninayepika Buguruni. Mama amezeeka, anakaa kando akichagua mchele na kunikosoa. Nina televisheni ukutani, na wanaobishana kuhusu timu wana simu mkononi. Ugomvi ambao zamani ulihitaji baraza na benchi mbili sasa mtu anaubeba mfukoni mpaka chooni. Tajiri yule aliondoka, wakaja wengine. Mangi alipita hapa mwaka jana, mvi tupu, akaniambia yule alikuwa mwekezaji wa kweli, hawa wa sasa ni madalali. Seif naye huja mara chache, mgongo umepinda, na husema yule alitutumia tu kujitangaza. Nimewasikiliza wote wawili na sijamkumbusha yeyote alichokisema. Walisema walivyoona wakati ule, na wanasema wanavyoona sasa. Hiyo ni haki ya kila mpenzi wa timu, kupenda na kubadilika. Kilichoniuma wakati ule, na bado kinaniuma, ni kwamba walimtaka mwanamke aliyewapikia achague, na walimtaka achague akiwa ameshika sufuria la moto.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayependa timu yako na una maneno yako kuhusu mwenye timu: ukimkuta mtu kazini, msubiri amalize. Ukimkuta anakula, mwache amalize sahani yake, anawe mikono, ndipo umuulize yuko upande gani. Na akikwambia hana upande, mwamini, halafu msogezee kiti.