Mchanga Ukiwa Hapa

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la awali kijijini Mkunya, msimu wa korosho umepamba moto. Wazazi walituachia watoto asubuhi wakaenda mashambani, na kuja kuwachukua baada ya uji. Binti mmoja mdogo, mgeni darasani, alikuwa akikaa mlangoni kutazama njia.

"Mwalimu, mama anakuja saa ngapi?"

"Bado kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Saa ya ukutani tulikuwa nayo, lakini kwake ile mishale ilikuwa haitembei kabisa. Nikaanza kujiuliza: mtoto anasubirije kitu asichokiona kikisogea?

Nyumbani nilichukua chupa mbili za maji, nikatoboa vizibo na kuvigandisha pamoja. Nikatia udongo wetu mwekundu, ukakwama kwenye tundu. Nikauanika, nikauchekecha, ukakwama tena. Mume wangu, aliyekuwa akienda Masasi kununua mitumba, alinicheka, lakini alirudi na mfuko wa mchanga wa mtoni. Huo ulishuka.

"Mchanga ukiisha juu, tunakunywa uji," niliwaambia watoto. Walilala kifudifudi kuizunguka ile chupa, kimya, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

Asubuhi moja mama wa yule binti alipotaka kuondoka, mtoto alikimbia ndani, akaichukua chupa na kuilaza. Mchanga ukatulia.

"Mama, huendi tena. Nimeusimamisha muda."

Mama alinitazama. "Mwalimu, nifanyeje? Wenzangu wameshatangulia."

Nilitamani sana kujua mtoto anawaza nini. "Na uji jikoni," nikamuuliza, "nao umesimama?"

Tukaenda kuangalia sote watatu, binti kaipakata chupa kama mtoto mchanga. Mpishi alikuwa amegeuka kuchukua kuni. Uji ukapanda, ukafurika, ukamwagikia mafiga. Binti akautazama uji, akaitazama chupa.

"Mbona huu unaendelea?"

"Na korosho nazo zinaendelea kuanguka, mwanangu," mama yake akamwambia.

Binti akaisimamisha chupa chini, taratibu, mchanga ukaanza tena kushuka. "Haya, nenda."

Alilia kidogo, huku macho yakiwa kwenye mchanga.

Siku ile mama alichelewa. Watoto wengine walichukuliwa mmoja mmoja. Mchanga ukaisha, na njia bado tupu. Niliogopa kwamba sasa binti hataiamini tena chupa yangu. Lakini aliigeuza mwenyewe bila kuniuliza, akaendelea kusubiri.

Mama alifika akitweta, miguu imejaa vumbi. "Samahani, Mwalimu. Mzigo wa leo ulikuwa mkubwa."

Binti hakumkimbilia. Aliweka kidole kwenye chupa. "Mama, umefika mchanga ukiwa hapa."

Mama alichuchumaa, akatazama kidole kile kwa makini. Kisha akaweka chake juu zaidi, karibu na kitako cha chupa ya juu. "Basi ulipokuwa hapa, mimi nilikuwa nalifunga gunia."

"Na hapa?"

"Hapo nilikuwa njiani. Nimejikwaa kwenye kisiki."

"Umeumia?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza, na mama akavua kandambili amwonyeshe kidole.