Mgonjwa Mmoja, Ugonjwa Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi rejista. Kila mgonjwa alikuwa na mstari mmoja, na ugonjwa kisanduku kimoja.

"Tabibu," alisema, "ukianza kuwasikiliza wazee wa hapa, jua litazama ukiwa na wa kwanza."

Zahanati ilikuwa chini ya kilima cha machimbo, wilayani Tarime. Dhahabu ilikuwa imevuta watu hata kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Vijana walishuka mashimoni. Wazee walitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, wakimeza vumbi. Walikuja kwangu na kikohozi, presha, sukari na magoti kwa pamoja. Nikawatungia sheria: chagua moja.

Bibi Robi alitoka mtaa wa juu, kwenye vibanda vya mabati.

"Shikamoo bibi. Leo tunatibu nini?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nina kiu isiyoisha, macho yana ukungu, na magoti."

"Chagua moja."

"Kwani nimekuja dukani?" Foleni ikacheka. Akafikiri. "Basi, magoti."

Kiu ile na ukungu ule ni dalili za kisukari. Nilifundishwa hivyo chuoni. Kipimo kilikuwa kabatini. Niliandika magoti, nikampa vidonge vya maumivu. Kila mwezi alichagua magoti, nami nikamwona mkaidi.

Alipoacha kuja, nilipanda kilima. Mtaa mzima haukuwa na bomba wala kisima. Maji yalikuwa bondeni, mbali kupita zahanati. Nilimkuta mlangoni, haoni tena, kidonda kimekula kidole cha mguu.

"Bibi, kwa nini hukuchagua kiu?"

"Kiu dawa yake maji, mura. Maji yako bondeni. Ningeyafuata kwa kitu gani, kama si magoti?"

Tulimpeleka hospitali. Hakurudi.

Nilihamishiwa Ringwani, kisha Nyambureti, nikawa mfawidhi mwenyewe. Mganga mkuu wa wilaya alisifu rejista zangu kwa usafi.

Sasa nimestaafu na presha, sukari na goti. Majuzi nilikaa mbele ya tabibu, binti mdogo.

"Shikamoo mzee. Unasumbuliwa na nini?"

Nikaangalia foleni nyuma yangu. "Marahaba. Goti."

Akaandika, lakini hakuweka kalamu chini.

"Na kingine, mzee?"

Nikainamisha kichwa. Swali hilo Bibi Robi alilingoja kwangu mwaka mzima.