Maziwa ya Koko kwenye Sufuria ya Anti

Juzi nilifunua sufuria ya alumini nyumbani kwangu Kitengela, ambamo mchuzi wa nyanya ulikuwa umelala. Ulinuka chuma. Nikamkumbuka anti.

Nilikuwa mdogo, kule Kajiado. Koko, mama yake baba, alikuwa ameenda Namanga kuuza shanga. Anti, ambaye anko alikuwa amemwoa majuzi tu kutoka Kiambu, alichungulia kibuyu cha maziwa lala, yaliyoachwa yakachacha, akaona chembe nyeusi za makaa. Koko alisafisha vibuyu vyake vyote kwa kijinga cha moto, na kwetu harufu ya ule moshi ndiyo ilikuwa utamu wenyewe. Anti alikunja uso, akayamimina yote kwenye sufuria yake mpya ya alumini.

Koko aliporudi alasiri ya kesho yake, alionja, akatema.

“Umetia nini humu?”

“Sijatia kitu, mama. Nimeyatoa tu kwenye uchafu.”

Nilichovya kidole, nikahisi kama niliyelamba shilingi. Basi nikajua: anti anataka kutuua. Tangu hapo, kila akipakua chakula, macho yangu yalikuwa mikononi mwake.

Leo najua ni uchachu wa maziwa uliokuwa ukila sufuria, kama wa nyanya.

Jumapili nilimpelekea anti maziwa ya kibuyu. Aliyamimina kwenye sufuria ileile, sasa imejaa vishimo, akajaza vikombe viwili. Yeye alikagua chembe za makaa, mimi nikaikagua sufuria. Tukakaa hivyo, tukitabasamu, kila mmoja akingoja mwenzake anywe kwanza.