Kimya cha Mafuta ya Mbarika

Kaluki, mjane wa ndugu yangu, ndiye wa mwisho huku Ikutha aliyepika mafuta ya mbarika kwa kimya. Mbegu zikishakaangwa na kutwangwa, huchemshwa mpaka mafuta yapande juu. Tangu yaanze kupanda hadi yamalize kuenguliwa, mpishi hafungui mdomo. Akisema, mafuta yameharibika, na mtoto atakayepakwa ngozi yake itapasuka. Mama yake alimfundisha hivyo. Siku hizi watu wananunua chupa za dukani, na watoto wao wananuka peremende.

Mwaka jana alikuja Najma, msichana wa Kitui mjini anayepima mafuta ya mimea ya dawa katika maabara. Alitaka kujua ndani yake mna nini cha kuponya ngozi. Alichukua kichupa cha mafuta ya zamani, kisha akaomba kupiga picha upishi mpya.

Mimi nilikuwa nje nikinoa panga. Mafuta yalikuwa yameanza kupanda Kaluki alipomwona Ndululu, kitukuu wake ambaye hata kusema hajajua vizuri, amechuchumaa kando ya uteo wa mbegu mbichi. Mashavu yamejaa. Mbegu hizo zikitafunwa zinaua.

Kaluki akagonga chungu kwa upawa. Najma akasogeza simu karibu. Akagonga tena, akielekeza kidevu kwa mtoto.

"Hapo unagonga ndio povu lishuke, nyanya?"

Ndipo nikasikia ukelele wa Kaluki: "Mtoto! Mbegu!"

Najma alimtoa zilizokuwa mdomoni. Nyingine zilikuwa zimeshuka.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja tu: alizitafuna au alizimeza? Hakuna aliyejua. Zikitoka nzima, alisema, mtoto amepona. Zikiwa zimevunjika, hana dawa ya kuizima sumu yenyewe.

Tukakaa. Ndululu alilala, na kila pumzi yake ilipokawia, nilimwinamia kusikiliza. Kaluki hakulia. Alinishika mkono, kucha zikiingia.

"Shemeji, nilinyamaza kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Kila nepi ilipobadilishwa alifumba macho, akaniachia mimi kutazama.

Hatimaye muuguzi alituita kwenye beseni. Mbegu tatu, nzima, zenye madoadoa, kama kupe walioshiba. Kaluki akaketi sakafuni. Ndululu akaamka, akataka uji.

Najma alirudi baadaye na majibu ya kile kichupa cha zamani, na ya mafuta aliyoyachota kwenye chungu tulichokikimbia.

"Ni yale yale, nyanya. Ya kimya na ya kelele hayana tofauti."

"Kwa hivyo mama alininyamazisha bure?"

Najma akainamia simu yake.

Kaluki bado anapika, lakini nyumba ile sasa ni kelele tupu. Mafuta yakianza kupanda anaita, "Ndululu! Ndululu!" Asipoitika, anatupa upawa na kukimbia. Juzi chungu kizima kiliungua. Mtoto alikuwa amelala tu.