Mwiko Ulioliwa na Sufuria

Juzi maji ya ugali yalikuwa yanachemka, unga uko tayari, mwiko haupo. Kumbe mjukuu wangu wa gredi ya kwanza ameubeba shuleni. Mwalimu alisema kila mtoto aje na mwiko wa kwao, wajifunze kupima urefu.

Niliacha moto ukiwaka nikaufuata shuleni huko Ndhiwa.

Nilimkuta mtoto ameegemea ukuta, mwiko mkononi, machozi yanamtoka. Ameandika kwamba meza ya mwalimu ni miko saba, na daftari lina alama nyekundu ya kosa.

"Jibu ni miko sita, Mama," mwalimu akaniambia, kijana mpole. "Nilipima mwenyewe na wangu."

"Wako ulinunua lini?"

"Mwezi jana."

"Huu umesonga ugali tangu mama ya huyu mtoto akiwa tumboni mwangu. Sufuria imeula. Hebu pima."

Akainama, akaulaza mezani, akiweka kidole pale unapoishia. Darasa zima lilihesabu naye kwa sauti. Saba. Alichukua kalamu nyekundu akageuza kosa likawa tiki.

Mtoto akapangusa pua, akaniita nyanya kwa Kijaluo. "Dani, niachie hadi jioni."

"Pima na kiatu," nikamjibu, nikaondoka na mwiko wangu.

Nyumbani nilikuta sufuria imekauka, nikateka maji upya. Mimi shule niliiacha darasa la pili, sina la kumfundisha mwalimu. Lakini siku hizi mtu akiniambia nimekosea, namuuliza kwanza alipima na mwiko wa nani.