Mikuyu ya Juu ya Chemchemi

Kosa nililolifanya mapema, kabla hata gari halijaanza kupanda mlima kutoka Mombo, ni kwamba nilikwenda kutania msibani nikiwa nimejiandaa. Mtani hajiandai. Mimi nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilirudia maneno yangu mbele ya kioo chumbani kwangu Kilole, Korogwe, nikafuta hili, nikaongeza lile, hadi kila tukio la historia likakaa mahali pake. Naogopa sana kukosea. Shule niliiacha mapema na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo mtu akinisahihisha mbele za watu, silali.

Aliyefariki alikuwa bibi, mama yake mama. Alizaliwa na kuzeekea katika mji ule wa zamani wa milimani, ambao mama aliuacha alipoolewa na baba yangu, Mzigua wa Chanika, Handeni. Wazigua na Wasambaa ni watani. Mjukuu naye ni mtani wa bibi yake. Mimi basi nilikuwa mtani mara mbili, na hilo lilinivimbisha kichwa.

Niliupenda mji ule kuliko ulivyonipenda. Nilijua kwamba zamani ulikuwa makao ya wafalme wa milimani, walioamua nani aishi na nani auzwe pwani. Nilijua kwamba Wajerumani waliujengea boma la mawe, wakapanda na miti ya kwao ili wajione wako nyumbani, na kwamba Waingereza waliokuja baadaye waliwalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko, na mbishi akaadhibiwa. Nilijua mbega wanarudi nyuma kila mwaka, juu zaidi, kwa sababu msitu unarudi nyuma. Nilijua maji yanayonywesha mpunga wetu Korogwe yanaanza kule kama matone chini ya miti. Sisi wa Handeni hatufundishwi thamani ya maji. Tumekua na ndoo kichwani.

Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na chemchemi, na juu yake mikuyu miwili ambayo wazee walikataza kuguswa hata kwa kuni. Mteremko mwingine wote mjomba, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, alikuwa ameshaufyeka na kupanda mikaratusi ya kuuza nguzo. Mikaratusi ilivyonenepa, chemchemi ilikonda. Bibi alipoona hainuki tena kitandani, alimwambia mama jambo moja: mikuyu ile isikatwe.

Lakini binti aliyeolewa mbali hana kauli juu ya ardhi ya kwao. Njia ilikuwa moja tu, utani. Mwili ukiwa bado ndani, mtani husema lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akicheka na kujibu "nimesikia" mbele ya watu, amejifunga. Mama akamwomba shangazi, dada yake baba, hodari wa utani Chanika nzima, alibebe neno hilo.

Tulipofika, shangazi hakulia hata kidogo. Alijifunga khanga ya marehemu, akabeba ndoo yake, akaanza kuchechemea uani kama bibi hasa. Kisha akalala chali mlangoni.

"Mwili hautoki! Mchoyo huyu amekufa na ugoro wangu!"

"Ondoka hapo, mzee wewe," alifoka mama mmoja wa palepale. "Mmefuata pilau. Kwenu Handeni mvua ikinyesha mnadhani mbingu imetoboka!"

"Na nyie jua likiwaka mnamwita mwenyekiti wa kijiji aje alione!"

Watu walicheka hadi kanzu zikatikisika. Mjomba alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, na sikujua ni machozi ya nini.

"Wafalme wenu waliwauza kama kuku," shangazi aliendelea.

"Nyie mlijiuza wenyewe kwa kibaba cha mahindi!" mzee mmoja akamjibu, na shangazi akakubali kwa kichwa kana kwamba amepewa zawadi. Njaa ile ilikuwepo kweli. Watu wa kwetu walipelekwa ng'ambo kwa ajili yake, na wengi hawakurudi. Jambo hilo baya kuliko yote lilikuwa limesemwa, na watu wakagongana mikono.

Kisha shangazi akamgeukia mjomba. "Na wewe mla nguzo," akaanza.

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilidhani ameanza vibaya. Nilisimama, nikasafisha koo, nikatoa niliyoyaandaa. Nikaeleza wafalme, boma na matuta, na jinsi kila mtawala alivyoukamua mlima ule. Nikamalizia kwamba mjomba wangu ni wa mwisho katika msururu huo, na kwamba amemnyima maji mama yake mzazi hadi uzeeni akawa anateka mbali. Kila neno lilikuwa sahihi. Sauti yangu haikutetemeka. Hakuna aliyecheka.

Mjomba alijifuta macho taratibu. "Huyu anatania au anahutubia?" aliwauliza watu.

Shangazi aliruka kutoka mlangoni. "Anatania! Mtoto wa mjini huyu, hata utani anausoma kwenye simu!"

"Hapana, shemeji. Mtani anachekesha." Mjomba akanigeukia mimi. "Mtani hakasirikiwi. Lakini wewe hukutania, mwanangu. Umenishtaki mama yangu akiwa ndani."

Mwili ukatoka. Neno la mikuyu halikusemwa, na baada ya hapo hakukuwa na mahali pa kulisemea.

Siku ya tatu, dua ilipokwisha, mjomba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameniwekea kiti na chai ya rangi yenye tangawizi. Vijana wawili walikuwa wanatia mafuta msumeno wa mashine.

"Kaa, mwanahistoria," alisema kwa upole kabisa. "Utaandika vizuri ukiona kwa macho."

Ningeweza kuondoka. Nilikaa, kwa sababu niliogopa kuonekana sina adabu, na chai nikainywa. Mkuyu wa kwanza ulipoanguka, ndege walitoka wengi wakazunguka angani bila kujua pa kutua. Wa pili ulichukua muda, maana ulikuwa mnene, na msumeno ulizimika mara kwa mara. Kila ulipozimika, mjomba alinimiminia chai. Mama alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni. Kisha alikwenda kufunga mizigo yake.

Njiani kushuka, shangazi aliongea mara moja tu. "Maneno yalikuwa mdomoni kwangu. Wewe ukayatapika."

Mama alisubiri hadi tukafika Korogwe, nikamshushia begi.

"Ungekuwa mjinga kidogo tu," alisema, "bibi yako angebaki na kivuli."

Nilikuwa tayari natafuta moyoni sentensi ipi ningeibadilisha, na hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo.

Chemchemi ile sasa hutoa maji masika tu. Mjomba amepanda mikaratusi palipokuwa na mikuyu, na inaota vizuri. Mama hajapanda mlima tena, na majirani wa bibi wanateka bondeni. Shangazi bado huitwa kwenye misiba kutania. Mimi nikifika huko huosha masufuria.