Uji Mweupe wa Suilan

Suilan alikuwa muuza uji, na mama mkwe wake alikuwa muuza uji kabla yake, kwenye kibaraza kilekile nyuma ya soko la samaki, mjini Chaozhou, Uchina. Alipochukua mimba ya mwanawe Jiecheng, hospitali ikamwambia ana sukari, apunguze wali na vitu vitamu. Nyumba nzima ilitii. Mama mkwe aligawa machungwa yote kwa majirani, akaficha keki za maharage, na wali haukuonekana tena mbele ya Suilan. Badala yake alipewa uji mweupe wa mchele uliochemshwa mpaka punje zikapasuka, asubuhi, mchana na jioni. Uji nao ungekuwa na kosa gani? Si ndio anaopewa mgonjwa, na mzee, na mtoto anayeota meno?

Kliniki zilizofuata Suilan alizikwepa. Kuchomwa vidole kulimchosha, na kibaraza hakikuwa na mtu wa kukishika. Jiecheng akazaliwa bonge la mtoto. Soko zima lilikuja kumminya mashavu, na mama mkwe akatamba mwezi mzima.

Sasa mtoto alikuwa darasa la kwanza, na kutamba kulikwisha zamani. Alichelewa kusema. Maandishi aliyofundishwa jana, leo alikuwa mgeni nayo. Kila mara mwalimu alipotuma kwenye kundi la wazazi majina ya walioshindwa imla, la Jiecheng halikukosekana, hata Suilan akawa anaiogopa simu yake mwenyewe. Mwishowe mwalimu akasema mtoto apimwe, kwani hataweza kusonga na wenzake.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimchezesha Jiecheng na vibao vya rangi, akamtoa nje kwa muuguzi, kisha akauliza habari za mimba.

"Sukari ilikuwepo," alisema Suilan.

"Masharti mliyafuata?"

Mama mkwe akadakia. "Tena sana. Wali haukupita kooni kwake. Uji tu, daktari, kutwa mara tatu. Niliupika kwa mkono wangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Bibi, mchele ukichemshwa hivyo unapandisha sukari haraka kuliko wali."

"Uji mtupu? Sikutia hata chembe ya sukari."

"Hata mtupu."

Akawaeleza taratibu kwamba baadhi ya watoto wa mimba za namna hiyo hupata shida ya kujifunza, wengi hawapati, na kwamba hakuna kipimo cha kusema kilichompata huyu kilitoka wapi.

Nje, mama mkwe alikaa kwenye benchi. "Suilan, ni mimi?"

"Daktari kasema haijulikani, Mama."

"Sijakuuliza daktari kasema nini."

Suilan alimpenda bibi huyu kuliko hata mama aliyemzaa. Alitaka kumwambia hapana, lakini neno lilikataa kutoka. Tena zile kliniki, nani alizikwepa kama si yeye? Kwa aibu akaenda kumchukua Jiecheng kwa muuguzi.

Kesho yake asubuhi akaja Meizhu, muuza kamba wa baharini pale sokoni, tumbo mbele.

"Suilan, nipe bakuli. Wamenikataza wali, eti nina sukari. Nitashindia uji kama wewe."

Suilan aliuweka upawa chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Hupati wewe. Nenda ukale samaki na mboga, urudi kwa daktari wako."

"Makubwa. Bibi leo umekuwa mchoyo? Mbona Jiecheng alitoka bonge?"

"Alitoka bonge, ndiyo. Kamuulize mwalimu wake yukoje sasa. Nilimlisha mama yake uji huuhuu, na mjukuu wangu kichwa hakishiki kitu."

Alisema kwa sauti, mbele ya wateja wote. Meizhu alirudi nyuma, mkono tumboni. Suilan akageuka. Jiecheng alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni, bakuli mkononi, ameshakunywa nusu. Alilitazama, akaliweka chini polepole.

"Bibi," aliuliza, "nikiacha kunywa, kichwa kitashika?"